Kupaka si Kupoza: Joto la Injini katika Mlima wa Lushoto

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33, nayo hupanda kutoka kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi kiasi cha mita 1,400. Katika safari hiyo fupi, lori lililosheheni saruji huliacha joto la tambarare, likapinda kona baada ya kona kando ya genge, likapita Soni penye maporomoko ya maji, hata likafika katika hewa ya baridi ya Usambara. Abiria hutafuta sweta. Injini, kwa upande wake, haijui baridi hiyo. Si ajabu kukuta gari limeegeshwa kando ya njia, boneti wazi, mvuke ukifoka, na utingo akishuka bondeni na dumu kutafuta maji.

Miongoni mwa dawa zinazosifiwa kwa ugonjwa huo ni kupaka sehemu za injini rangi inayostahimili joto. Makopo ya rangi hiyo, mengi yakiwa ya rangi ya fedha au nyeusi, huuzwa madukani kwa maelezo kwamba yanaweza kustahimili nyuzi 600 za sentigredi au zaidi. Fundi mwenye brashi ya waya, msasa na uwanja wa nyuma ya nyumba huona kwamba anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe bila kungoja kiwanda. Moyo huo wa kujitegemea ni wa kusifiwa. Lakini juhudi isiyoongozwa na vipimo huweza kumgharimu mwenye gari injini nzima, na katika mlima kama wa Lushoto huweza kugharimu maisha.

Hoja ya makala haya ni moja: kabla ya kulizuia joto, lazima kwanza iulizwe litakwenda wapi. Anayelijibu swali hilo kwa usahihi atajua mahali pa kupaka, mahali pa kutopaka, na kwa nini hakuna kopo la rangi litakaloponya injini inayochemsha maji.

Mlima unadai nini

Hesabu fupi ya fizikia yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Lori lenye tani 10 pamoja na shehena yake, likipandishwa mita 1,000, linahitaji kazi ya jouli milioni 98. Hiyo ni kazi ya kunyanyua tu. Msuguano na upinzani wa hewa bado havijahesabiwa. Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Theluthi ya pili, kwa kukadiria, huondoka na moshi. Theluthi ya tatu hupenya kuta za silinda, ikaingia katika maji na oili, na hatimaye hutolewa hewani. Kwa hiyo lori hilo likifika Lushoto litakuwa limetumia lita 8 hivi za dizeli kwa kunyanyuka peke yake, na jouli nyingine milioni 98 hivi zitakuwa zimepita katika maji ya kupozea.

Joto hilo laweza kuchemsha lita 290 za maji yaliyoanza na nyuzi 20. Rejeta na njia zake zote hazibebi maji kiasi hicho, wala si kazi yake kuyabeba. Kazi ya rejeta ni kulikabidhi joto kwa hewa, dakika baada ya dakika, bila kukoma. Mapezi yake yakizibwa na matope, mkanda wa feni ukilegea, au mirija yake ikijaa kutu, makabidhiano hayo hukwama na joto hurundikana.

Mlima nao una madai yake mengine. Hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 13, hivyo kila pumzi ya injini isiyo na taabo ina oksijeni pungufu, na feni nayo husukuma hewa isiyo nzito. Aidha, maji yaliyo wazi huchemka pale kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta si kifuniko cha chupa. Springi iliyomo ndani yake huyaweka maji chini ya mgandamizo, na kifuniko kizima cha kawaida huweza kukisukuma kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110. Kifuniko chenye mpira uliokufa, ambacho wengi hukidharau, kinaweza kuwa chanzo pekee cha mvuke unaoonekana njiani.

Nyembamba mno kuzuia, yenye kung'aa vya kutosha

Sasa liangaliwe kopo la rangi. Lichukuliwe bomba la moshi lililo karibu na injini, lenye nyuzi 500 wakati wa kupanda. Chuma chenye kutu katika joto hilo hutoa kwa mnururisho kiasi cha kilowati 17 kwa kila mita ya mraba, na hewa inayolipitia huchukua nyingine chache. Rangi iliyopakwa vizuri ina unene wa kiasi cha sehemu 5 kwa 100 za milimita. Kwa unene huo, tofauti ya joto kati ya upande wa ndani wa rangi na upande wa nje ni nyuzi 2 hivi. Nyuzi 2 kati ya 500 si kizuizi. Kama kinga ya kulizuia joto lisipite, rangi hiyo ni sawa na shuka la buibui mbele ya upepo.

Hata hivyo rangi ya fedha si bure. Ina vipande vyembamba vya alumini, na uso wake hunururisha joto pungufu kuliko uso wa kutu. Uwezo huo wa kunururisha, ambao kwa kutu ni kiasi cha 0.85, huweza kushuka hadi kiasi cha 0.4. Basi kilowati zile 17 hushuka hadi kufikia 8. Nyaya, mipira na mitambo midogo iliyo jirani na bomba hupata nafuu ya kweli. Bomba lenyewe huzidi joto kidogo, na joto lililobakizwa huondoka na moshi. Isitoshe, chuma hukingwa na kutu, jambo ambalo peke yake linatosha kuihalalisha gharama ya kopo moja.

Hapa pana mtego unaostahili kuelezwa kwa makini. Fundi akipima bomba kabla na baada ya kupaka kwa kile kipimajoto cha mkono kinachoelekezwa kwa mbali, ataona tarakimu zimeshuka sana, na atatangaza ushindi. Lakini chombo hicho hakigusi chuma. Hukisia joto kutokana na mnururisho, tena vingi vyake hudhani kila uso unanururisha kama kutu au masizi. Uso wa fedha unaponururisha kidogo, chombo hudhani umepoa. Hivyo tarakimu zinaweza kushuka hata kama bomba halikupoa kwa nyuzi moja, au hata kama limezidi joto. Njia ya haki ni kupaka doa dogo jeusi la rangi hiyo hiyo ya kustahimili joto katika sehemu zote mbili za kupimwa na kulenga doa, au kutumia kipimajoto kinachogusa chuma. Mteja asiyejua jambo hili huuziwa tarakimu.

Ndani ya silinda

Mambo hubadilika kabisa pale fundi anapotaka kupaka juu ya pistoni au ndani ya hedi. Huko joto linalopenya ukuta ni maradufu mengi ya lile la nje ya bomba. Kweli, tabaka la kauri ya zirkonia lenye unene wa sehemu 3 kwa 10 za milimita laweza kusababisha tofauti ya nyuzi 100 na zaidi kati ya moto na chuma. Kauri hiyo hupitisha joto kwa kiwango cha takriban 1, ambapo alumini ya pistoni hupitisha kwa zaidi ya 100 katika kipimo hicho hicho.

Lakini zirkonia huyeyuka kwa nyuzi 2,700 hivi. Ili ishikamane na chuma, viwanda huirusha unga wake kupitia mwali wa plazma wenye joto la nyuzi maelfu kadhaa, tena juu ya tabaka la kwanza la aloi maalumu ya kuunganisha. Tabaka hilo la kuunganisha lina sababu yake. Pistoni ya alumini yenye upana wa milimita 100, ikipashwa nyuzi 200, hutanuka kwa milimita 0.46. Kauri yenye upana huo hutanuka kwa kama milimita 0.2 tu. Vitu viwili vilivyogandishwa pamoja, kimoja kikitanuka zaidi ya mara mbili ya kingine kila safari, hatimaye huachana. Rangi ya kopo iliyopakwa hapo uani haina aloi ya kuunganisha wala mwali wa plazma. Ikibanduka, vipande vyake huanguka ndani ya silinda, vikawa msasa kati ya pistoni na ukuta. Injini ya petroli ina hatari ya ziada: uso wenye joto kupita kiasi huwasha mchanganyiko wa mafuta kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga na pistoni ikatoboka.

Yaliyojaribiwa duniani

Wapo watakaosema kwamba mataifa yenye viwanda yamekwisha kufanikiwa katika jambo hili, na kwamba Waafrika wanaambiwa wasijaribu. Historia yenyewe ina mafunzo zaidi ya hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Cummins ya Marekani pamoja na jeshi la nchi hiyo zilitengeneza injini ya dizeli yenye vihami joto vya kauri, na lori la jeshi likatembea barabarani bila rejeta. Lilikuwa jambo la kustaajabisha. Lakini matumaini makubwa ya kuokoa mafuta hayakutimia kama yalivyotarajiwa. Sehemu kubwa ya joto lililozuiwa lisiingie ukutani haikugeuka kuwa kazi ya pistoni. Ilitoka na moshi. Kuta zenye moto ziliipasha hewa iliyokuwa ikiingia, ikatanuka na kupungua wingi wake, na oili za kawaida hazikuweza kuhimili joto la kuta hizo.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, kampuni ya Toyota ya Japani ilitoa injini ya dizeli ya lita 2.8 kwa magari ya Hilux na Prado, magari yanayojulikana sana Afrika Mashariki. Juu ya pistoni zake kuna tabaka la alumini iliyooksidishwa, lenye vitundu vidogo na kuimarishwa kwa silika. Ubora wake si kuzuia joto wakati wote. Kwa kuwa ni jembamba na lina vitundu, uso wake hupata joto upesi moto unapowaka na hupoa upesi hewa mpya inapoingia, hivyo haliipashi hewa hiyo. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba injini hiyo hufikia ufanisi wa asilimia 44 katika hali bora kabisa. Basi kati ya lori lile na Hilux hii palikuwa na zaidi ya miaka 30 ya kupima, kushindwa na kupima tena. Taifa lolote linaweza kuiga mwendo huo wa kupima.

Mali ghafi nazo hazikuwa mbali. Mchanga wa Kwale, katika pwani ya Kenya, ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2024, na pamoja na madini ya titani ulitoa zirkoni, ambayo ndiyo asili ya zirkonia. Iliuzwa nje kama mchanga. Karibu na Dar es Salaam, vilima vya Pugu vina udongo mweupe wa kaolini. Ardhi ya Afrika Mashariki haikunyimwa vitu vya kutengenezea kauri. Upungufu uko katika maabara, tanuri na vipimo.

Kwa anayepaka nyumbani

Kwa kuwa kupaka bomba la moshi kwa nje ni jambo la manufaa, lifanywe ipasavyo. Sehemu ifunguliwe injini ikiwa baridi. Kutu iondolewe hadi chuma kionekane, kisha mafuta yote yafutwe, maana rangi haishiki juu ya oili. Ipakwe mara mbili au tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa unene. Nyuso za kufungia gasketi, hesi za boliti na vipima moshi visipakwe. Halafu ikaushwe na kuokwa kwa hatua, kwa mfano nusu saa katika nyuzi 120, kisha 200, kisha 300, au kama kopo linavyoagiza. Rangi isiyookwa hubaki laini, na safari ya kwanza ya mlima huibabua.

Kuoka huko kusifanywe kamwe katika tanuri la chakula, wala ndani ya nyumba. Mvuke wa viyeyusho hulipuka na hudhuru mapafu na ubongo. Kutu isisagwe ikiwa kavu bila barakoa, na mchanga usirushwe kwa kompresa kusafishia chuma, kwani vumbi la silika huharibu mapafu pasipo tiba. Kamba nyeupe za kufungia mabomba ya zamani zaweza kuwa za asbesto. Zikikutwa, zisikatwe wala kupigwa brashi. Katika gereji nyingi mwenye kupewa kazi ya kusugua ni kijana mwanafunzi wa ufundi, na mapafu yake ndiyo yanayolipa deni miaka 20 baadaye.

Rejeta isipakwe rangi nzito kwa brashi, maana mapezi huzibwa na njia ya joto kufungwa. Ngoma za breki nazo zisipakwe mahali breki inapobana. Ikumbukwe kwamba lori lile la tani 10, likirudi Mombo na shehena ya uzito uo huo, zile jouli milioni 98 huzidai tena, safari hii kwa breki. Zisipopunguzwa kwa kushuka na gia nzito, breki huzipokea zote, na breki iliyoungua haishiki. Hakuna rangi inayoweza kufanya kazi ya gia.

Wajibu wa shule na gereji

Ipo desturi iliyoenea katika gereji nyingi ya kung'oa thamostati kwa dai kwamba nchi ya joto haiihitaji. Injini hiyo basi hubaki baridi mno katika tambarare na mteremko, ikala mafuta na kulika haraka, na katika mlima haipati msaada wowote ikiwa kasoro iko kwenye rejeta. Kung'oa thamostati na kupaka pistoni ni watoto wa mama mmoja: kutenda juu ya joto bila kujua njia yake.

Dawa yake inaweza kuanzia darasani, kwa gharama ndogo. Mwalimu achukue makopo matatu ya maziwa yaliyo sawa. La kwanza libaki linang'aa. La pili lipakwe tope la udongo kwa unene wa milimita chache na kukaushwa. La tatu livikwe kitambaa kizito cha sufi. Yote yajazwe maji ya moto kwa kipimo kimoja, yafunikwe, na joto lisomwe kila baada ya dakika 2. Wanafunzi wengi watabashiri kwamba kopo la udongo litahifadhi joto kuliko lile tupu. Vipimo vitawakanusha: la udongo hupoa upesi kuliko linalong'aa, kwa kuwa tabaka lenyewe ni jembamba mno kuzuia joto, na uso wake hunururisha vizuri. Kitambaa, ambacho nguvu yake ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake, ndicho kitakachohifadhi. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa macho yake hatadanganywa na kila kitu kiitwacho koti.

Ingefaa walimu wa fizikia wa wilaya za milimani wakaribishe mafundi wa gereji katika jaribio hilo, na mafundi nao wawakaribishe wanafunzi kuona rejeta iliyoziba ikipimwa joto juu na chini. Fundi ana mikono na uzoefu. Mwanafunzi ana kipimajoto na hesabu. Kila mmoja akibaki upande wake, gari litaendelea kuchemka katika kona zile zile.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini inayochemka, ufa ni kifuniko cha rejeta kilichochoka, mkanda uliolegea, mpira unaovuja au mapezi yaliyojaa matope. Hivyo vyote vikaguliwe Mombo, injini ikiwa baridi, kabla ya kuanza kupanda. Bomba la moshi laweza kungojea rangi yake hadi siku ya mapumziko.